Bibi Alisema Ana Maji

Nyumba ilikuwa Langoni, mjini Lamu, kichochoro cha tatu kutoka pwani, na bibi mwenyewe alikuwa ameketi dakani akipepeta mchele kwenye uteo. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikatoa fomu. Swali la saba lilisema: "Je, nyumba yako ina maji?" Majibu yalikuwa mawili tu, ndiyo na la. Bibi akasema, "Mayi tunayo, mwanangu." Nikatia alama kwenye ndiyo.

Tulipomaliza akamwita mjukuu aniletee maji, maana jua lilikuwa kali. Mtoto akaja na bilauri mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisimani. Nilionja funda moja, chumvi ikanikwama kooni. Ya pili ilikuwa ya mtungi, ya kununua, yaliyoletwa kwa mkokoteni asubuhi ile. Bibi akaionyesha bilauri ya kwanza. "Hayo ndiyo tuliyonayo." Kisha ya pili. "Na haya ndiyo tunayokunywa."

Nilikuwa kijana, nimepata kazi ya wiki mbili ya kuzunguka na fomu mitaani, malipo kwa kila fomu iliyojaa. Waliotuajiri walitufundisha kwa nusu siku: jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kutia alama, na kwamba tusiandike chochote pembeni. Sikuandika chochote pembeni. Bibi yule akaingia kwenye hesabu kama mtu mwenye maji, na kama kuna mtu ofisini alipanga foleni ya mitaa inayohitaji kusaidiwa, basi mimi ndiye niliyeurudisha nyuma mtaa wake.

Asiyeijua Lamu inafaa aelewe hili la maji kwanza. Maji ya mji wetu hutoka kwenye visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga huichuja, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukivuta sana, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya vilima, mvua haipati pa kuingilia. Ndiyo maana watu wa hapa huwa wakali wakisikia kiwanja kimekatwa mchangani. Na ndiyo maana neno maji kwetu halitoshi peke yake: kuna ya kuogea, ya kufulia, ya kupikia, ya kunywa, na katika visiwa vingine vya juu huko kuna ya jabia, yaani ya mvua, ambayo mtu huyapima kwa kata akihesabu siku zilizobaki mpaka mvua nyingine. Aliyeandika lile swali la saba alitoka mahali ambapo bomba likifunguliwa hutoka kitu kimoja tu.

Baada ya hapo ningeweza kuzichukia fomu maisha yangu yote. Imekuwa kinyume. Nimefanya kazi hii ya kukusanya maoni ya wakazi kwa miaka mingi sasa, mara kwa malipo na mara nyingi bila malipo, na naamini serikali ya kaunti haiwezi kupanga kitu kikasimama bila kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mikutano peke yake haitoshi, na sababu za kutotosha zinajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye viti vile vya plastiki.

Sheria yenyewe ni nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 174, inasema ugatuzi ulikuja ili wananchi wapate uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na inakataza kutenga pesa za umma bila mpango. Huu tulio nao sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kila mwaka kuna mpango mdogo unaotakiwa kufika bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba, kisha waraka wa mikakati ya fedha ifikapo 28 Februari, kisha makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Katika kila hatua wananchi wanapaswa kusikilizwa.

Sasa chukua kalenda hiyo, uiweke juu ya kalenda ya baharini. Waraka wa Februari ndio unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Ukishapita, kilichobaki ni kugawana ndani ya mipaka iliyokwisha kuchorwa. Vikao vyake huitwa Januari na Februari. Miezi hiyo ni kaskazi. Bahari imetulia, na mvuvi wa Kizingitini au wa Kiwayu anatafuta pesa za mwaka mzima. Hawezi kuacha siku ya bahari aje kukaa ukumbini asubuhi kusikiliza karatasi ikisomwa. Wakati wa kusi, mawimbi yanapomkalisha nyumbani, yupo. Lakini kufikia hapo pesa zimeshagawiwa. Kikao cha Aprili nacho kinakutana na masika, na barabara za udongo za upande wa Basuba, huko bara, zinageuka tope. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na sasa imeingia katika miezi hiyo hiyo ya bajeti. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga haya kwa ubaya. Kalenda iliandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na nchi nzima haivui samaki.

Kwa hiyo nani anakuja mkutanoni? Wanakuja wanaume wa mjini wenye nafasi, wanakuja waliotumiwa nauli, wanakuja wale wanaokuja kila mara. Wanawake wakija hukaa nyuma, na saa ikikaribia adhuhuri huondoka kuangalia chungu. Mambo wanayoyajua wao kuhusu maji, takataka, mtoto mwenye homa usiku na boti isiyopatikana, hubaki nyumbani pamoja nao. Utafiti wa nyumba kwa nyumba, ukifanywa vizuri, huyafuata mambo hayo huko huko yaliko.

Ukifanywa vizuri. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika.

Kwanza ni nani anaulizwa. Kuna kisa cha Marekani ambacho kila anayefanya kazi hii hufundishwa. Mwaka 1936 jarida moja liitwalo Literary Digest lilituma karatasi za kura kwa watu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyeuliza watu wachache zaidi sana, alimtaja mshindi sawasawa. Kosa la jarida lilikuwa kwenye orodha: majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki wenye simu na magari hawakuwa sawa na wengine. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Siku hizi nikiona kiungo cha maswali kimetumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kisha wiki ya pili mtu anasema "wakazi wa Lamu wametoa maoni yao," namkumbuka Landon. Wingi wa majibu hauponyi orodha mbovu.

Hesabu zake si ngumu. Ukichagua watu 400 kwa bahati nasibu ya kweli, jibu lako litakuwa karibu na ukweli, kosa likiwa kama asilimia 5 juu au chini, uwe unauliza kaunti yenye watu 143,920, kama sensa ya 2019 ilivyotuhesabu, au nchi yenye mamilioni. Lakini Lamu ina wadi kumi. Ukiwagawa 400 hao sawasawa, kila wadi inapata 40, na kosa la wadi moja linapanda hadi asilimia 15 na zaidi. Na ukiwagawa kulingana na wingi wa watu, Basuba inabaki na wachache mno. Kisha ripoti inasema "Lamu inataka hivi," na Muaweer, mtu wa jamii ndogo ya msituni, wa kijiji cha Mangai huko Basuba, anasomewa matakwa ya Mpeketoni na Mkomani kana kwamba ni yake. Dawa yake inajulikana: chukua watu wengi zaidi ya haki yao katika wadi ndogo, kisha urekebishe mizani unapojumlisha. Inagharimu mafuta ya boti na siku za ziada. Hizo ndizo pesa za kwanza kukatwa.

Halafu kuna mlango wenyewe. Mji wa kale una nyumba za ghorofa mbili na tatu, mlango mmoja, na ndani mna mama na mabinti zake watatu, kila mmoja na jiko lake. Ukihesabu milango umekosa. Shela nako utabisha nyumba tano mfululizo, wenyewe wako Ulaya, anayekufungulia ni mlinzi. Tulikuwa tukisema "kaya" kwenye fomu, na watu wa bara ya Malindi waliokuwa wamehamia Hindi, wadi ya huku kwetu Lamu, wakafikiri tunauliza habari za misitu ya wazee wao wa Kimijikenda. Siku hizi nauliza, "Mnaokula chungu kimoja ni wangapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.

Na kuna mimi mwenyewe, ninayeuliza. Nikienda nimefuatana na mjumbe wa chifu, majibu huwa matamu. Nikienda mwanamume peke yangu saa nne asubuhi, mwanamke atanijibu nyuma ya pazia maneno matatu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na ile kafyu iliyofuata, mtu mwenye daftari alikuwa mtu wa kuogopwa, na sikumlaumu yeyote aliyenifungia mlango. Kwa hiyo wadadisi wawe watu wa pale pale, wanawake wawe wengi, na waende baada ya alasiri, wakati nyumba imepumua. Jina la mtu lisiandikwe kama halihitajiki. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayolinda haya, ingawa heshima ingetosha.

Lakini lililonifunza zaidi ni neno Alhamdulillahi. Fomu nyingi za serikali huuliza kuridhika. "Je, umeridhika na huduma za zahanati? Sana, kiasi, kidogo, hata kidogo." Muulize mtu mzima wa Lamu swali hilo, atakwambia, "Alhamdulillahi, twashukuru." Hajasema ameridhika. Amemshukuru Mola wake, na amekustahi wewe mgeni uliyekaa barazani kwake, maana si adabu kummwagia mgeni shida. Mdadisi anatia alama kwenye "sana." Nimeona fomu mia moja za namna hiyo, na kila moja ilikuwa adabu iliyogeuzwa takwimu.

Tukaacha kuuliza kuridhika, tukaanza kuuliza yaliyotokea. Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii alipougua, mlikwenda wapi? Mlipata dawa pale pale au mlitumwa kununua? Mlirudi mara ngapi? Hapo mtu hasiti, kwa sababu humwombi amhukumu yeyote, unamwomba akumbuke. Baadaye nilisoma kwamba huko Bangalore, India, mwaka 1993, Samuel Paul na wenzake walifanya jambo linalokaribiana na hilo: waliwauliza wakazi walioshughulika kweli na idara za mji, walikwenda mara ngapi, tatizo lilitatuliwa au la, walitoa hongo au la. Wakatengeneza kadi ya alama kwa kila idara, kama mtoto wa shule anavyopewa ripoti, na magazeti ya mji yakachapisha. Walirudia 1999 na tena 2003, na safari hiyo ya tatu alama zilikuwa zimepanda waziwazi. Nilipenda sana kwamba walirudi. Kuuliza mara moja hukupa picha. Kuuliza tena swali lile lile kunaonyesha kama kuna aliyesikia.

Miaka michache iliyopita, kundi dogo la akina mama na vijana wa mtaani kwetu tulijaribu jambo letu wenyewe, bila mfadhili. Tulichukua makopo matano ya maziwa ya unga, tukayabandika picha: maji, takataka, zahanati, gati, basari ya wanafunzi. Kila aliyeulizwa alipewa komwe kumi, zile zile za bao, azigawe apendavyo. Pesa za kaunti haziwezi kufanya yote, na komwe kumi zinamfanya mtu ahisi hilo mkononi mwake. Mzee mmoja alizishika muda mrefu sana, akatia tano kwenye gati, akazitoa, akazitia zote kumi kwenye maji, akajiegemeza ukutani. Wanaume kwa jumla walipenda gati. Wanawake walipenda maji, na takataka ikafuata kwa karibu.

Zahanati ilipata komwe chache kuliko zote. Tulikuwa tayari kuandika kwamba hapo mambo ni mazuri. Mama mmoja wa kundi letu akakataa, akasema turudi tukaulize sababu. Tukarudi nyumba kumi. Katika nyumba ya pili tu, mwanamke aliyejifungua mwezi ule akatuambia, "Hatuiombi kwa sababu tumeshaacha kwenda." Nimefikiria sana juu ya jibu lile. Mtu huacha kukitaka kitu akishakata tamaa nacho, na kwenye jedwali kukata tamaa na kuridhika hufanana kabisa. Tangu siku ile sikubali namba isiyo na sentensi ya mtu pembeni yake.

Najua pia hofu ya wenzangu, kwamba utafiti unaweza kutumiwa kama kifuniko: "wakazi wameshahojiwa," basi mkutano hauitwi, na hati haitolewi. Lamu tuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, iliona kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na ushirikishwaji duni ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Hakuna fomu ambayo ingeziba pengo hilo. Ukimuuliza mtu, "Unataka ajira?" atasema ndiyo. Ukimweleza kwanza majivu yatamwagwa wapi, maji ya moto yatarudishwa bahari ipi, na mikoko gani itakatwa, ndipo swali lako linakuwa swali. Mtu haulizwi juu ya jambo alilofichwa. Kwa hiyo mimi nataka vyote: hati itolewe, mkutano uitwe, na nyumba zibishwe hodi.

Na majibu yarudi. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa kuwa kila mwaka anapita mtu na tableti, anachukua dakika arobaini za mama aliyeacha chungu motoni, na haonekani tena. Ripoti inakwenda Nairobi, au inakaa kwenye kabati. Sisi tulipomaliza ile ya makopo tuliandika matokeo kwa chaki kwenye ubao mweusi, tukauweka karibu na Mkunguni siku mbili. Watu walibishana mbele yake mpaka usiku. Mmoja akatusahihisha kwamba tumeusahau mtaa wa Wiyoni kabisa. Alikuwa sahihi, tukaenda Wiyoni. Kisha tukamwalika mwakilishi wadi aje asome ubao ule ule, mbele ya wale wale waliojibu. Alikuja, akanakili. Sehemu ya takataka iliingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Ya maji bado tunaifuatilia.

Mwezi uliopita nilikuwa na fomu mpya ya kujaribu kabla haijachapishwa, nikaamua kuanzia Langoni, kichochoro cha tatu. Bibi ametangulia mbele ya haki. Dakani alikuwa amekaa binti yake, na sura ni ile ile. Nikamweleza mimi ni nani na nilikuja lini mara ya kwanza. Akacheka kidogo, akasema mama alikuwa akiwaambia watu juu ya yule kijana wa bilauri mbili. Nikamuuliza swali la kwanza: "Maji mliyokunywa jana yalitoka wapi, na nani aliyaleta?"

Akanijibu kwa kirefu. Nikaandika, kisha nikamsomea nilichoandika. Akanyosha kidole kwenye karatasi.

"Si mitungi miwili. Ni mitatu. Huo wa tatu ni wa mama mkwe, ana maradhi ya figo, chumvi amekatazwa. Andika na hilo."

Nafasi ya jibu ilikuwa imeshajaa. Nikaandika pembeni.